Maswali ya Wasomaji: Somo Ambalo Mwalimu Hakulipanga

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi wilayani Mukono. Wanafunzi wangu wa darasa la tano ni wachangamfu wakiwa uwanjani, lakini kipindi changu kikianza wananyamaza kabisa, na wengine huomba ruhusa ya kwenda msalani hata kabla sijafungua kitabu. Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa mkali, na mtoto alipokosea nilitumia kiboko. Nimeacha, na huu ni muhula wa pili tangu niache, lakini ukimya haujaondoka. Chuoni tulifundishwa habari za Pavlov na mbwa wake na za Skinner na panya wake, tukakariri tofauti zao kwa ajili ya mtihani, basi. Je, nadharia hizo za wanautabia, yaani wanaoeleza kujifunza kwa kutazama matendo yanayoonekana tu, zinaweza kunieleza kinachotokea darasani kwangu? — Mwalimu, Mukono.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, zinaweza, na barua yako inazieleza vizuri kuliko madaftari yetu ya chuo. Tulivyofundishwa, Pavlov aliandikwa upande mmoja wa ubao na Skinner upande wa pili, kana kwamba mtoto akiingia darasani huchagua ajifunze kwa njia ipi. Njia hizo mbili hufanya kazi kwa pamoja, ndani ya mtoto mmoja na katika kipindi kimoja. Wewe ulipanga somo moja; la pili liliendelea bila kukuomba ruhusa.

Ivan Pavlov alikuwa Mrusi, mtaalamu wa fiziolojia, na tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilitokana na utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walipasuliwa shavuni na kuwekewa mrija ili mate yao yatoke nje na kupimwa. Kilichomshangaza ni kwamba mate yalianza kutoka kabla chakula hakijafika kinywani: mbwa alimwona tu mtumishi aliyezoea kumletea chakula, au alizisikia hatua zake, na mate yakatiririka. Mtafiti mwingine angeliona jambo hilo kuwa kero inayoharibu vipimo, lakini Pavlov aliligeuza kuwa ndio utafiti wenyewe. Wengi husimulia habari ya kengele. Kifaa kilichotumika sana katika maabara yake kilikuwa metronomu, ile mashine inayogonga mapigo ambayo wanamuziki hujifunzia. Mapigo yalisikika, kisha chakula kikaletwa, na baada ya jambo hilo kurudiwa mara kadhaa mapigo peke yake yalitosha kuleta mate.

Aliyefuga kuku analijua jambo hili bila kwenda maabara. Marehemu mama yangu alikuwa akitikisa mtama ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kuku waliokuwa wakichakura migombani walikuja mbio kabla punje moja haijaanguka. Siku moja fundi aliyekuwa akiezeka jiko alilichukua kopo lile lile kuwekea misumari yake, na kila alipolisogeza alizungukwa na kuku.

Sasa tazama jambo ambalo ni rahisi kulipita. Mbwa hakuamua kutoa mate, wala hakupewa chakula kwa sababu ametoa mate. Chakula kingekuja hata kinywa chake kingekuwa kikavu. Uzoeshaji aliouchunguza Pavlov unahusu mambo ambayo mwili huyafanya wenyewe, kama vile mate, mapigo ya moyo, jasho la viganja na tumbo kukaza. Hofu imo katika kundi hilo. Mwaka 1920, huko Baltimore nchini Marekani, mwanasaikolojia John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walitoa taarifa ya jaribio walilomfanyia mtoto mchanga waliyemwita Albert. Mtoto huyo hapo awali hakumwogopa panya mweupe hata kidogo. Walisubiri afikie umri wa miezi 11, na kila alipomgusa panya walipiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Haukupita muda akawa analia akimwona panya tu, na hofu ikaenea hadi kwa sungura na vitu vingine vyenye manyoya. Hawakumtoa hofu hiyo kabla hajaondoka, na leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingekubali jaribio la namna hiyo, lakini somo lake limebaki: hofu huhama kutoka kwenye kinachoumiza hadi kwenye chochote kinachokitangulia.

Nami nina ushahidi wangu. Shuleni kwetu palikuwa na mwalimu aliyetembea na shada la funguo kiunoni. Tulizisikia zikilia tangu mwisho wa baraza, na kabla hajafika mlangoni viganja vyangu vilikuwa vimelowa kiasi cha kuchafua daftari. Sasa nina mvi, lakini mlinzi wa jengo ninamofanyia kazi akipita na funguo zake jioni, mimi bado hufuta viganja kwenye suruali kabla sijakumbuka kwa nini. Kiboko cha mwalimu yule hakikunifundisha hesabu za sehemu, ila funguo zake sijazisahau. Kwa hiyo wale watoto wako wanaoomba kwenda msalani wasihukumiwe haraka kuwa watundu. Yawezekana matumbo yao yamejifunza kwamba baada ya sauti yako, au baada ya neno "Kiswahili" kuandikwa ubaoni, hufuata maumivu.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu matendo ambayo kiumbe huyatenda kwa hiari, na msingi wake uliwekwa na Edward Thorndike, Mmarekani aliyewafungia paka ndani ya visanduku vyenye komeo na kuandika tasnifu yake juu yao mwaka 1898. Paka alikwaruza, akauma fito, akasukuma huku na huku, hadi kwa bahati akaligusa komeo na mlango ukafunguka, akatoka kula. Alipofungiwa tena na tena, muda wake wa kutoka ulipungua polepole. Thorndike alisema kwamba tendo linalofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipokea wazo hilo, akatengeneza sanduku lenye wenzo ambao panya akiubonyeza hudondoshewa chakula, na akatumia miaka mingi kupima jinsi matokeo yanavyoyajenga matendo. Matokeo yanayoliongezea tendo nguvu yaliitwa kiimarishi. Hapa wanafunzi wengi wa ualimu hupotea njia, kwa sababu wakisikia uimarishaji hasi hudhani maana yake ni adhabu. Sivyo. Uimarishaji hasi ni pale tendo linapopata nguvu kwa kuwa limeondoa au limezuia jambo baya. Unayefungua mwavuli mvua inapokunyeshea unaimarishwa kwa namna hiyo.

Turudi darasani kwako tukiwa na maneno hayo mkononi. Uliuliza swali, mtoto aliyejibu akakosea alichapwa, na mtoto aliyenyamaza hakuchapwa. Wewe ulidhani unaadhibu kosa. Lakini kosa haliwezi kutokea pasipo jibu, na mtoto asiyejua ni jibu lipi litakuwa kosa hawezi kuacha kukosea. Anachoweza kuacha ni kujibu. Adhabu yako iliangukia kujibu, na ukimya ukaimarishwa kila mara kimya hicho kilipomwokoa mtoto na kiboko. Hofu ilijengwa kwa njia ya Pavlov, na njia ya kuikimbia ikajengwa kwa ile ya Skinner. Ruhusa ya msalani ni mwavuli wa aina hiyo hiyo.

Kuna jaribio jingine la maabara ya Pavlov ambalo naona halisimuliwi vya kutosha kwa walimu. Mbwa alifundishwa kwamba akionyeshwa duara chakula kinakuja, na akionyeshwa umbo la yai hakiji. Alizitofautisha vizuri. Kisha lile umbo la yai likafanywa duara kidogo kidogo, hadi vipimo vya marefu na mapana yake vikawa kama 9 kwa 8. Hapo mbwa, aliyekuwa mtulivu siku zote, alianza kulia, kujinyonganyonga na kuuma vifaa, na hata maumbo aliyoyajua mwanzoni akawa hawezi kuyatofautisha tena. Sasa mfikirie mtoto wa Mukono ambaye nyumbani kwa Luganda husema ebintu, nawe unataka aseme vitu. Husema abantu, nawe unataka watu. Anaposema "bitu" hajakosa kama mtu asiyejua lolote, maana mfumo wa ngeli anao tangu kwa mama yake. Amelipokea yai lililokaribia kuwa duara. Ukimchapa hapo, unamchapa mahali ambapo lugha zake mbili zimekaribiana mno, na usishangae akipoteza hata yale aliyoyajua.

Unauliza kwa nini ukimya haujaondoka ilhali kiboko umekiacha. Pavlov aligundua kwamba mapigo yakisikika mara nyingi bila chakula, mate hupungua na kuzimika. Lakini aligundua pia kwamba yakizimika leo yanaweza kurudi kesho baada ya mapumziko, kwa sababu yaliyojifunzwa hayakufutika; yamefunikwa tu na jambo jipya. Wanafunzi wako wamepumzika likizo nzima katikati ya mihula. Na lipo jambo zito zaidi. Ili hofu izimike, ni lazima mtoto ajibu, akosee, kisha asiumizwe. Anayenyamaza hafiki hapo. Ukimya unamkinga na hatari ambayo haipo tena, na kila siku inayopita salama inamthibitishia kwamba kunyamaza kumemsaidia. Kuacha kiboko kulikuwa lazima, na sheria ya watoto ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, lakini hatua hiyo haitoshi kuwaambia watoto wako kwamba mambo yamebadilika.

Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomtibu mtoto aitwaye Peter aliyewaogopa sungura. Peter alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura aliletwa chumbani akiwa mbali, ndani ya kizimba. Siku kwa siku alisogezwa karibu kidogo, hadi mtoto akawa anamshika. Darasani kwako, mimi ningetumia vitendawili mahali pa chakula. Anza kipindi kwa "Kitendawili!", nao waitikie "Tega!" kwa pamoja, kwa kuwa sauti ya wengi haimwaniki mmoja. Uzuri wa vitendawili ni kwamba kushindwa kumo ndani ya mchezo wenyewe: asiyejua jibu hutoa mji, watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Hapo mtoto anakosea kwa Kiswahili, mbele yako, na hakuna kibaya kinachofuata. Watakapozoea, waombe wajibu wawili wawili, na mmoja mmoja mwishoni kabisa.

Na pale mtoto anapojibu, usingoje jibu kamili ndipo umkubalie. Pale Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Kwanza panya huzoeshwa kwamba mlio mdogo wa "tiki" hufuatwa na chakula; hilo ni somo la Pavlov. Kisha mlio huo hutumiwa kumjulisha, papo hapo, kwamba alichokifanya ndicho, na hapo tuko kwa Skinner. Huanza na kazi nyepesi ya kunusa, ndipo ugumu huongezwa hatua kwa hatua hadi panya aweze kutafuta harufu ya baruti udongoni. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Mtoto aliyesema "bitu" ameshapata nomino na ameshapata wingi. Mwitikie hayo kwanza, halafu tamka "vitu" katika sentensi yako mwenyewe, uendelee na somo.

SWALI: Nauza nguo katika soko la Owino, na mwanangu wa miaka minne hushinda nami kibandani. Akitaka soda analia hadi wateja wanageuka kututazama, nami namnunulia ili yaishe. Mume wangu anasema nimpuuze. Nilijaribu siku tatu. Akazidi kulia na kugaagaa chini kuliko hapo awali, nikaona ushauri ule ni wa bure. — Mama, Kampala.

JIBU: Mama, pole na kazi. Hapo kibandani wanajifunza wawili, si mmoja. Mtoto anaimarishwa na soda. Wewe unaimarishwa na kimya kinachofuata, kwa kuwa kutoa pesa kumekuondolea aibu mbele ya wateja. Ni uimarishaji hasi ule ule nilioueleza hapo juu, na ndiyo sababu mkono wako huingia mkobani haraka zaidi wiki hadi wiki.

Ushauri wa mume wako si wa bure, ila haukukamilika. Tendo lililozoea kulipwa, likinyimwa malipo ghafla, mara nyingi hupanda kabla ya kushuka. Panya wa Skinner alipokatiwa chakula aliubonyeza wenzo kwa kasi zaidi kwanza, ndipo akaacha. Ulipofika siku ya tatu ulikuwa juu ya kilele cha mlima. Kama uliishia kumnunulia hapo, samahani kwa kusema hivi, ulimlipa kwa kilio kikubwa kuliko vyote alivyowahi kulia.

Tena malipo ya mara moja moja ni mabaya kuliko ya kila mara. Mwaka 1957 Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha matokeo ya majaribio mengi waliyoyafanya hasa kwa njiwa, wakaonyesha kwamba ndege anayelipwa baada ya idadi isiyotabirika ya kudonoa hudonoa kwa kasi na kwa muda mrefu, na huchelewa sana kukata tamaa malipo yakikoma. Ukitaka kuliona jambo hilo kwa macho, pita jioni kwenye vibanda vya kubashiri mechi hapo mjini. Kijana aliyeliwa mara 9 anaweka tena kwa sababu hajui kama ya 10 ndiyo itakayolipa. Ukikataa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kisha ukakubali Alhamisi, unamfundisha mwanao kucheza kamari na mama yake.

Nakushauri hivi: hakikisha kwanza kwamba halii kwa njaa, kwa kiu au kwa ugonjwa, maana kilio hicho ni cha kuitikiwa mara moja. Kisha mpe anachokipenda kabla hajalia, akiwa ametulia au ameomba kwa maneno, iwe soda siku ya Jumamosi au nafasi ya kukunja nguo pamoja nawe. Majirani wa kibandani nao waambiwe mpango huo, kwa sababu shangazi mmoja mwenye huruma na biskuti anaweza kuuvunja kwa dakika moja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunafundishwa kwamba nadharia ya utabia ilishindwa zamani. Ni nini kiliishinda, na je, Skinner mwenyewe aliwahi kukubali? — Mwanafunzi wa ualimu, Kampala.

JIBU: Marahaba. Kilichoshindwa ni dai lake kubwa, kwamba kujifunza kote kunaweza kuelezwa bila kutaja kilichomo akilini. Mwaka 1930 Edward Tolman na Charles Honzik waliwaacha panya wazunguke ndani ya mzingile kwa siku 10 bila chakula chochote. Siku ya 11 wakaweka chakula, na kesho yake panya hao walikosea njia kwa uchache sawa na wenzao waliokuwa wakilipwa tangu mwanzo. Ina maana walikuwa wakijifunza ramani ya mahali pale bila malipo. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling walionyesha kwamba si kila kichocheo huungana na kila tokeo: panya aliyeugua tumbo aliyaogopa maji matamu, wala hakujali mwanga na kelele vilivyoandamana na maji hayo, ilhali aliyepigwa shoti ya umeme aliogopa mwanga na kelele akaendelea kunywa maji matamu. Nao utafiti wa Robert Rescorla katika miaka hiyo ya 1960 ulionyesha kwamba ishara na tukio kufuatana tu hakutoshi. Ishara inapaswa kulitabiri tukio, yaani tukio litokee zaidi ishara inapokuwapo kuliko isipokuwapo. Kuhusu lugha, pigo kubwa lilikuwa uhakiki ambao mwanaisimu Noam Chomsky alikiandikia kitabu cha Skinner kuhusu lugha mwaka 1959.

Kwa maoni yangu, hayo yote yaliusahihisha uzoeshaji; hayakuuondoa. Tiba za hofu na mafunzo ya wanyama bado yanautegemea hadi leo, na mhadhiri anayekuambia kwamba uzoeshaji umekufa huenda anakupa alama za mahudhurio ili usikose darasa lake.

Skinner hakukubali. Tarehe 10 Agosti 1990, akiwa na umri wa miaka 86 na anaugua saratani ya damu, alisimama mbele ya wanasaikolojia wenzake mjini Boston na kuishambulia upya sayansi inayodai kuchunguza akili. Alifariki siku nane baadaye.